Mkasi na Mkono Uushikao

Kesi juu ya sheria ya mji wa Indianapolis kuhusu picha na maandishi ya uchi ilipofikishwa mbele ya mahakama ya rufaa ya Chicago mwaka 1985, lilidhihirika jambo ambalo wengi waliokuwa wakizitazama harakati za wanawake kwa mbali hawakulitazamia, nalo ni kwamba wanawake waliokula yamini moja ya kuondoa dhuluma juu ya jinsia yao walisimama pande mbili za shauri lile lile, hawa wakiomba sheria idumu kwa kuwa ni ngao ya mwanamke, na hawa wakiomba ibatilishwe kwa kuwa ni kitanzi chake. Waliokuwa wameibuni sheria hiyo ni Andrea Dworkin, mwandishi, na Catharine MacKinnon, mwanasheria. Na miongoni mwa waliotia saini risala ya kuipinga walikuwamo Betty Friedan, Kate Millett na Adrienne Rich. Mtu akiyaandika majina yote matano katika orodha moja ya watetezi wa mwanamke wa karne ile hatakuwa amekosea hata kwa jina moja. Yalikuwa, basi, mabishano ya ndugu wa nyumba moja, na mabishano ya ndugu, kama ajuavyo kila aliyelelewa katika ukoo mkubwa, huwa machungu kuliko ya majirani.

Mabishano hayo hayakuzikwa pamoja na kesi. Yamekwenda Kanada, yamefika Kampala, na kila yafikapo huuliza swali lile lile: ikiwa neno au picha huweza kumdhuru mwanamke, na dalili kwamba huweza si chache, je, serikali ipewe mkasi wa kuyakata maneno na picha hizo? Nakusudia kulipitia swali hili tangu asili yake, wala sitauficha upande niuelemeao. Walakini nina deni kwa upande wa pili, nalo nitalitaja kabla sijaweka kalamu chini.

Anayetaka kufahamu hofu iliyowaingia Friedan na wenzake hana budi kurudi mwaka 1873, ambapo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ijulikanayo kwa jina la Anthony Comstock, mtu aliyeupiga vita uchafu kwa bidii ya mhubiri na kwa mamlaka ya posta. Sheria ile ilikataza kupeleka kwa posta kitu chochote cha aibu, na katika hesabu ya vitu vya aibu ikatia dawa na vyombo vya kuzuia mimba, pamoja na maandishi yoyote yaelezayo namna ya kuvipata, hata mwanamke aliyezaa mara nane na kuonywa na mganga kwamba mimba ya tisa itamwua hakuweza kuletewa barua ya kumwelekeza. Mwaka mmoja kabla, Comstock alikwisha kuwashitaki ndugu wawili, Victoria Woodhull na Tennessee Claflin, kwa kuchapa katika gazeti lao habari za mhubiri mashuhuri aliyetuhumiwa kuzini na mke wa rafiki yake. Na siku ambayo Wamarekani walipiga kura ya urais mwaka 1872, Woodhull, mwanamke wa kwanza kugombea cheo hicho, alikuwa mahabusi katika jela ya Ludlow Street mjini New York. Mhubiri hakukamatwa.

Katika visa vya zama zile kipo kimoja kisichonitoka moyoni. Mwaka 1913 Margaret Sanger, muuguzi aliyekuwa akizizuru nyumba za mafukara wa New York, alikuwa akiandika katika gazeti la New York Call mfululizo wa makala za kuwafundisha wasichana habari za miili yao, na alipofika kwenye maradhi ya zinaa, posta ikalikataza gazeti lisiyachape. Wenye gazeti hawakuijaza nafasi ile kwa habari nyingine. Walichapa kichwa cha makala kama kawaida, kisemacho kwamba haya ndiyo yampasayo kila msichana kuyajua, na chini ya kichwa wakatia neno moja tu, lenye maana ya kwamba si lolote, na kauli ya kwamba ni kwa amri ya posta. Nani aliyekusudiwa na nafasi ile tupu? Si mwanamume wa mjini aliyeyajua maradhi hayo kwa kuyapata. Ni binti ambaye angeolewa naye. Mwaka uliofuata Sanger alitoa jarida lake mwenyewe, akashitakiwa, akakimbilia Uingereza. Mwenzake Mary Ware Dennett, aliyeandika kijitabu cha kuwaeleza wanawe wawili mambo ya unyumba kwa lugha safi, alitozwa faini ya dola 300 mwaka 1929, mpaka mahakama ya rufaa ilipomtoa hatiani mwaka uliofuata. Na huko Uingereza Annie Besant, aliyeshitakiwa mwaka 1877 pamoja na Charles Bradlaugh kwa kuchapisha kijitabu juu ya kuzuia mimba, aliepuka kifungo kwa kasoro ya hati ya mashitaka, lakini mwaka 1878 akanyang'anywa binti yake Mabel, kwa hoja kwamba mama mkana Mungu, mwenye kuchapisha vitabu vya namna ile, hafai kulea mtoto wa kike.

Sheria zote hizo zilijinasibu kuwa kinga ya wanyonge. Kipimo kilichotumiwa na mahakama za Kiingereza tangu mwaka 1868 kiliuliza kama maandishi yaelekea kuwapotosha wale ambao nyoyo zao ziko wazi kwa upotovu, na ilipoulizwa nyoyo hizo ni za nani, jawabu halikuwa gumu kubashiriwa. Hata mwaka 1960, katika kesi ya riwaya ya D. H. Lawrence mjini London, mwendesha mashitaka aliwauliza wazee wa baraza kama hicho ni kitabu ambacho wangependa wake zao au watumishi wao wakisome. Na katika wazee wale kumi na wawili walioketi wakimsikiliza, watatu walikuwa wanawake.

Basi ilikuwaje, baada ya historia kama hiyo, wanawake wenyewe waombe sheria? Jawabu limo katika yaliyotokea mkasi wa zamani ulipolegea. Mahakama za Marekani zilipoifungua milango kidogo kidogo katika miaka ya 1950 na 1960, hazikuingia peke yake risala za akina Sanger. Iliingia pia biashara kubwa ya kuuza mwili wa mwanamke katika karatasi na filamu, na wenye biashara hiyo wakajitwalia jina la uhuru kana kwamba wao ndio walioupigania. Mwaka 1972 ilitolewa filamu iliyoigizwa na Linda Boreman, aliyejulikana kwa jina la Lovelace, ikatazamwa na watu wa matabaka yote, wakiwamo wenye vyeo na wasomi, ikahesabiwa kuwa alama ya zama mpya. Mwaka 1980 Boreman alitoa kitabu akaeleza kwamba alifanyishwa yale kwa kipigo na bastola ya mumewe, kwamba michubuko ya mwili wake yaonekana katika filamu yenyewe, na kwamba malipo yake, dola 1,250, mume aliyachukua. Kama maelezo yake ni ya kweli, nami sina sababu ya kutoyasadiki, basi umati uliokaa gizani ukishangilia uhuru ulikuwa ukiutazama ushahidi wa jinai.

Dworkin aliyafahamu mambo haya kwa ngozi yake, kwani mwenyewe aliwahi kumkimbia mume aliyempiga alipokuwa akiishi Uholanzi. MacKinnon aliyafahamu kwa njia ya sheria. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1979 alikuwa ameonyesha kwamba yale mambo ambayo kila mwanamke afanyaye kazi ofisini au kiwandani aliyajua na kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa na jina la kuyaitia, mkono wa mkubwa wake begani na vitisho vyake vya kumfukuza, si bahati mbaya ya mtu mmoja bali ni ubaguzi wa jinsia, na kwa hiyo yadaiwa mahakamani. Na mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali hoja hiyo. Aliyekwisha kuligeuza fumbo la aibu kuwa dai la haki si ajabu akataka kufanya hivyo mara ya pili.

Na lazima tukiri, kwa insafu, kwamba sheria waliyoiandika wawili hawa kwa ajili ya mji wa Minneapolis haikuwa ya Comstock. Comstock aliuliza kama kitu kinachukiza. Wao waliuliza kama kinadhuru. Comstock aliogopa uchi. Wao walisema uchi peke yake si kitu, lililo baya ni mwanamke kuonyeshwa kama mnyama wa kufungwa, kupigwa na kufurahia kipigo chake. Comstock alimpa polisi rungu. Wao walimwacha polisi nyumbani, wakampa mwanamke mwenyewe haki ya kudai fidia. Madai yalikuwa ya namna nne: aliyelazimishwa kuigiza, aliyelazimishwa kutazama, aliyeshambuliwa na mtu aliyechochewa na picha maalumu, na, la nne, yeyote mwanamke dhidi ya yeyote afanyaye biashara ya vitu hivyo, kwa niaba ya wanawake wote. Desemba 1983 baraza la mji lilisikiliza mashahidi, Boreman akiwa mmojawapo, likaipitisha sheria kwa kura 7 dhidi ya 6. Meya Donald Fraser akaikataa, na ilipopitishwa tena mwaka uliofuata akaikataa tena.

Mwenye kuyapima madai yale manne ataona kwamba matatu ya mwanzo yana mtu. Yupo mwanamke mwenye jina, yupo aliyemkosea, lipo tendo lililotendeka siku fulani mahali fulani. La nne halina mtu. Lina kitabu na lina duka, na hakimu hutakiwa akisome kitabu aseme kama kinamdhalilisha mwanamke kwa jumla. Hapo ndipo ulipokuwa ufa, na kwa ufa huo ndipo walipopenya wageni.

Wageni hao walionekana upesi. Ilipoondoka Minneapolis, sheria ile ilipata makao Indianapolis mwaka 1984, ikibebwa barazani na diwani Beulah Coughenour, mwanamke wa siasa za kihafidhina aliyekuwa amepinga badiliko la katiba la kuwapa wanawake usawa, na ikitiwa saini na meya William Hudnut, mhudumu wa kanisa la Presbiteri. Sisemi kwamba watu hawa walikuwa wanafiki, maana huenda walichukizwa kwa dhati na madhila ya wanawake. Nasema tu kwamba waliposoma neno udhalilishaji waliliona kwa macho mengine, na sheria husomwa kwa macho ya mwenye mamlaka, si ya mwenye kuitunga. Hakimu Sarah Evans Barker aliibatilisha mwaka huo huo, na mahakama ya Chicago, kwa kalamu ya hakimu Frank Easterbrook, ikamwunga mkono. Lililo la kustaajabisha katika hukumu ya Easterbrook ni kwamba hakuikana hoja ya madhara. Aliikubali: picha za mwanamke aliyedhiliwa huelekea kuidumisha dhila hiyo, katika mishahara, katika nyumba na mitaani. Kisha akasema kwamba hiyo ndiyo dalili ya nguvu ya kauli, na kwamba serikali ikishapewa uwezo wa kuamua ni sura gani ya mwanamke inayoruhusiwa kuonyeshwa na ipi isiyoruhusiwa, imekuwa msimamizi wa fikira. Mahakama Kuu iliithibitisha hukumu hiyo mwaka 1986 bila kuongeza neno.

Risala ya akina Friedan, iliyoandikwa na Nan Hunter na Sylvia Law, ilikuwa na hoja nyingine ambayo Easterbrook hakuigusa, nami naiona kuwa ndiyo iliyowagawa ndugu hawa kwa kina zaidi. Sheria ilikuwa imesema kwamba mwanamke aliyeigiza akidai alilazimishwa, mshitakiwa hatajitetea kwa kuonyesha kwamba alitia saini mkataba, au alilipwa, au hakuonekana kukataa. Waliopinga walisema: hii ni kumfanya mwanamke mtu mzima kuwa sawa na mtoto mdogo, ambaye neno lake la kukubali halina uzito, na karne nzima tumepigana ili saini ya mwanamke iheshimiwe benki na mahakamani, leo sisi wenyewe twaifuta? Waliounga mkono wakajibu: Boreman naye aliigiza akitabasamu. Mbele ya majibizano haya nimekaa siku nyingi bila kupata raha, kwa sababu wote wawili wanasema kweli. Tayari mwaka 1982, katika mkutano wa wanazuoni wa kike kwenye chuo cha Barnard mjini New York, uliokusudiwa kuzungumzia matamanio ya mwanamke na si hatari zake peke yake, waandamanaji walisimama mlangoni kuwalaumu wasemaji, na wakuu wa chuo walikuwa wamekwisha kukikamata kijitabu cha mkutano kabla hakijagawiwa. Wanawake waliotaka kusema juu ya miili yao walipokonywa karatasi, na safari hii Comstock alikuwa kaburini.

Hoja iliyo nzito kuliko zote upande wa MacKinnon ni ile isemayo kwamba kuupinga udhibiti kwa jina la uhuru wa kunena ni kudhani kwamba mwanamke tayari anao uhuru huo, ilhali picha zile zenyewe ndizo zinazomziba kinywa. Mwanafalsafa Rae Langton aliisuka hoja hii upya mwaka 1993, akitumia mafundisho ya J. L. Austin wa Oxford kwamba kunena ni kutenda. Mswahili hahitaji kwenda Oxford kujifunza jambo hilo. Neno la kukubali, likitamkwa mbele ya walii na mashahidi wawili, hufunga ndoa; neno lile lile likitamkwa pasipo walii wala shahidi ni upepo. Tendo halimo katika sauti peke yake, limo katika wasikiao kuwa tayari kulipokea kama tendo. Basi, asema Langton, neno la mwanamke la kukataa nalo ni tendo, na kama wanaume wamefundishwa na picha elfu kwamba akataaye anataka, basi mwanamke atalitamka neno lake, sauti itatoka, na tendo la kukataa halitatendeka. Hajazuiwa kusema, amezuiwa kusikiwa.

Nakiri kwamba kwetu pwani hoja hii hugonga mahali penye uchungu. Mafakihi waliandika kwamba idhini ya mwari ni kimya chake, na waliandika hivyo kwa kuihifadhi haya ya binti, asilazimike kutamka mbele ya wanaume jambo la kumtahayarisha. Lakini ni nani asiyejua walau nyumba moja ambamo kimya cha kilio kilihesabiwa kuwa kimya cha ridhaa, na arusi ikaendelea? Mwanamke asiyesikiwa twamjua tangu zamani, na kwa sababu twamjua tangu zamani, naona kwamba hoja ya Langton inathibitisha ugonjwa pasi na kuithibitisha dawa. Binti yule hakuzibwa kinywa na filamu za California. Waliomziba ni watu wema, wenye murua, ambao hata jarida moja la uchi halikupata kuingia majumbani mwao, na pengine wao wangekuwa wa kwanza kuunga mkono sheria ya kulichoma moto. Aliyezoea kutosikiwa husikiwa kwa kusema zaidi, yeye na mwenzake na mwenzake wa pili, mpaka masikio yaliyofundishwa vibaya yafundishwe upya. Na mkasi, hata ukikata yaliyo mabaya kabisa, haumwongezei neno hata moja.

Kanada ilipewa fursa ya kulijaribu jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya nchi ile, katika kesi ya Butler, iliidumisha sheria ya jinai juu ya uchafu kwa hoja mpya kabisa, ikisaidiwa na mawakili wa chama cha LEAF kinachotetea usawa wa wanawake: si kwa ajili ya staha, ilisema, bali kwa ajili ya madhara yanayompata mwanamke. Ulikuwa ushindi wa maneno ya MacKinnon, ingawa Dworkin mwenyewe hakupendezwa, kwa kuwa rungu lilibaki kwa polisi. Majuma machache tu baadaye polisi wa Toronto walikwenda kwenye duka la vitabu la Glad Day wakakamata jarida lililoandikwa na wanawake wapendanao na wanawake wenzao, kwa ajili ya wasomaji kama wao, na hakimu akalitia hatiani kwa maneno yale yale mapya ya madhara. Duka la Little Sisters la Vancouver lilikuwa likifunguliwa vifurushi vyake na maofisa wa forodha tangu miaka kabla ya Butler, likaendelea kufunguliwa baada yake, mpaka mwaka 2000 Mahakama Kuu iliposema wazi kwamba forodha ililibagua. Karani wa forodha hakusoma falsafa ya usawa. Aliletewa orodha, akatazama jalada, akajiuliza kama kitu hiki ni kigeni kwake. Na cha wachache siku zote ni kigeni.

Hakuna mahali, hata hivyo, ambapo mambo haya yalionekana kwa uwazi mchungu kuliko Uganda. Februari 2005 baraza la habari la nchi ile lilipiga marufuku mchezo wa kuigiza wa Eve Ensler uhusuo mwili wa mwanamke na jeuri anazotendewa, mchezo ulioandaliwa na vyama vya wanawake wenyewe ili kukusanya fedha za kuwasaidia wanawake waliodhurika na vita vya kaskazini. Miaka tisa baadaye, Februari 2014, Rais Yoweri Museveni alitia saini Sheria ya Kupinga Ponografia, iliyosimamiwa kwa moyo wote na Simon Lokodo, waziri wa maadili, mtu aliyekuwa kasisi. Wanawake na watoto walitajwa sana katika kuitetea. Tafsiri ya kosa ilikuwa pana, ikishika uonyeshaji wa sehemu za mwili kwa njia yoyote ile iwayo kwa nia ya kuamsha ashiki. Kamati ya watu tisa iliundwa ili kuwinda. Na adhabu ya kosa hilo ilifika kifungo cha miaka 10. Sheria iliyopitishwa haikutaja sketi hata mara moja, lakini watu walikwisha kuibatiza sheria ya vimini, na makundi ya wanaume mitaani, ambao hawakuisoma, wakaitekeleza siku hizo hizo kwa mikono yao, wakiwakamata wanawake na kuwavua nguo hadharani kwa jina la heshima. Na msanii mmoja wa kike ambaye picha zake za faragha zilitawanywa na mtu mwingine pasi na ridhaa yake, alitishiwa kukamatwa yeye.

Msomaji wa Dar es Salaam mwenye umri atakumbuka kwamba sisi nasi tulipita njia hiyo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku vimini, nywele za bandia na suruali za kubana tangu tarehe 1 Januari 1969. Na kabla hata siku yenyewe haijafika, wasichana walishambuliwa Kariakoo wakishuka katika mabasi. Marufuku iliwataja wanaume pia, lakini umati ulijua ni nani wa kumwendea. Lililotuokoa wakati ule, kama kuna lililotuokoa, ni magazeti yaliyofurika barua za wasomaji, zikiwamo za wanawake waliouliza kwa nini utamaduni wa taifa zima upimwe kwa goti la msichana.

Wanawake wa Kampala nao walikusanyika penye jumba la taifa la michezo ya kuigiza, kisha wakaenda mahakamani, na ilipofika Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu vilivyokuwa roho ya sheria ile, kikiwamo kile kilichotafsiri ponografia na kile kilichoweka adhabu. Ilichukua miaka saba na nusu.

Katika vitabu vya Wamarekani waliobishana sijaona mtu akitaja jambo ambalo sisi twalijua nyumbani, nalo ni kwamba neno zito juu ya mwili laweza kuwekewa mpaka pasipo kuwekewa mkasi. Katika unyago, makungwi na somo humwimbia mwari mambo ya unyumba kwa uwazi ambao ukichapwa neno kwa neno ungewapeleka waimbaji gerezani chini ya tafsiri ile ya Uganda. Na marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi wa namna hiyo maisha yake yote, akapewa heshima kubwa. Mpaka wa unyago ni wa mahali na wa watu: nani yumo, nani hayumo, kwa idhini ya nani. Sisemi unyago ni pepo ya wanawake, kwa kuwa mengi ya mafunzo yake humfunda mwari kumridhisha mume na machache humfunda kujiridhisha nafsi. Nasema kwamba ni wanawake ndio wanenao, na ni wao ndio waamuao nani asikie.

Na tusimsahau Siti binti Saad. Alipoimba kisa cha Kijiti, aliyemnajisi na kumwua mwanamke mgeni kisha akavuka bahari akaenda zake bara, aliimba jambo la aibu, lenye damu na zinaa na jina la mtu, jambo ambalo mdhibiti yeyote mwenye staha angelikata mara moja. Serikali ya zama zile ilikuwa na mahakama, na mwuaji akapona; mwimbaji hakuwa na kitu ila santuri, na jina la Kijiti lingali likitajwa Unguja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Palipo na mtu aliyedhurika, sheria na imshike aliyemdhuru, kwa nguvu zake zote: aliyemlazimisha, aliyemrekodi kwa siri, aliyeitawanya picha yake ya faragha. Uingereza ililifanya hili la mwisho kuwa kosa mwaka 2015, na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta ina kifungu kinachomshika msambazaji wa picha ya faragha ya mtu mwingine, ingawa sheria hiyo hiyo ilitungwa ikiwa na vifungu vingine, vya habari za uongo, ambavyo waandishi wamevipinga mahakamani kwa haki. Penye ukurasa na msomaji wake tu, pasipo na mdai, mkasi ubaki sandukuni.

Nilisema nina deni. Hukumu ya Easterbrook, ambayo sisi wa upande huu hupenda kuitaja, ilisema pia kwamba pasi na shaka serikali yaweza kukataza nguvu na hila za kuwaingiza watu katika filamu za namna ile. Lakini mahakama haikuweza kukikata kipande hicho na kukibakisha peke yake, kazi hiyo ikiwa ni ya watunga sheria, na kwa hiyo dai la aliyelazimishwa likaanguka pamoja na dai la yeyote dhidi ya yeyote. Mchele ukatupwa pamoja na pumba. Tulioshangilia siku ile hatukuinama kuuokota. Tena serikali ilikuwa imekwisha kuishitaki filamu ya Boreman mjini Memphis mwaka 1976, ikamtia hatiani mwigizaji wa kiume, Harry Reems, kabla ya shauri lake kufutwa baadaye. Lakini lililoshitakiwa lilikuwa uchafu wa picha, si hali ya mwanamke aliyemo ndani yake. Linda Boreman alifariki mjini Denver mwezi wa Aprili mwaka 2002, kwa majeraha ya ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 53. Filamu ingali ikiuzwa.